Kabla ya Kununua Mashine ya Kukatia Chuma, Tazama Cheche Zitaangukia Wapi

Mtu akija kuniuliza anunue mashine gani ya kukatia chuma nyumbani, mara nyingi ameshajijibu kabla hajakaa: grinda, ile mashine ya mkononi inayozungusha diski. Kilichobaki ni kutajiwa kampuni na bei. Simlaumu. Grinda ndiyo anayoiona kila akipita kwa mafundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, ndiyo aliyokuja nayo fundi wa grili za madirisha, ndiyo inayolia kila geti jipya linapopandishwa mtaani kwake. Inakata nondo, skwea paipu, engo na fletiba, na ukibadilisha diski inasugua weldi na kuondoa kutu. Ukilazimishwa uwe na mashine moja tu, chukua hiyo na usione haya.

Ila fundi wa Gerezani anakata chuma katikati ya mafundi wenzake. Kelele zake zinamezwa na za jirani, sakafu yake imezoea kuungua, na jioni anafunga anakwenda kwake. Wewe na mimi tunakata chuma palepale tunapolala. Kamba ya nguo iko pale, mtungi wa gesi uko nje ya dirisha la jikoni, gari la mpangaji limeegeshwa kando ya ukuta, na nyumba ya pili kuna mtoto mchanga. Kwa sababu hiyo mimi sianzi na swali la watt. Naanza na uchafu wa kazi: cheche zitaruka mpaka wapi, kelele itadumu muda gani, na ukingo wa chuma utabaki katika hali gani baada ya kukatwa. Ukianza hapo, grinda inabaki kwenye orodha lakini haibaki peke yake.

Cheche zenyewe watu wanazidharau kwa sababu zikigusa mkono hazichomi sana. Cheche ni punje ya chuma iliyochongwa kwa kasi hadi ikapata moto na kuanza kuungua hewani, nayo husafiri mita kadhaa kabla ya kuzima. Ikiangukia kigae, inajibandika, na mvua ya kwanza ikinyesha unaona vidoti vya kutu usivyoweza kuvifuta kwa sabuni. Ikipiga kioo cha dirisha au cha gari, inazama ndani ya kioo chenyewe. Hapo hakuna cha kusugua, ni kubadilisha kioo. Nimeona nyumba nzuri kabisa ambayo barazani kuna eneo zima lina vipele vya kahawia, na mwenye nyumba anaamini ni kigae kibovu. Ni geti lake lilikatiwa pale.

Sasa tuizungumze grinda vizuri, kwa kuwa utainunua tu.

Kwa kazi za nyumbani inatosha ndogo, ya diski ya milimita 115 au 125. Ile kubwa ya 230 ina kazi zake, lakini ni nzito, ikinasa inamzungusha mtu mzima, na inavuta umeme wa watt 2,000 na kuendelea. Kuna pia za milimita 100, nyingi sana madukani kwetu, na si mbaya. Angalia tu kwamba tundu lake la kati kwa kawaida ni milimita 16 wakati za 115 na 125 ni milimita 22, hivyo diski haziazimani. Kama jirani zako wote wana 115, nunua 115. Siku ya Jumapili duka limefungwa utanikumbuka.

Kuna tabia moja ya mtaani ambayo lazima niiseme kwa tarakimu, maana kwa maneno watu hucheka. Fundi ana grinda ndogo, diski ndogo imemwishia, anaondoa kava na kufunga diski kubwa iliyobaki kutoka mashine nyingine. Diski za kukatia chuma za kawaida zimeandikwa 80 m/s: ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde. Ndiyo maana diski ya 115 inaruhusiwa mizunguko kama 13,300 kwa dakika, lakini ya 230 inaruhusiwa 6,600 tu. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000. Ukiifunga diski ya 230 kwenye mzunguko huo, ukingo wake unakimbia mita 132 kwa sekunde, zaidi ya mara moja na nusu ya kile ilichotengenezewa kuhimili. Ikipasuka, kipande kinatoka na mwendo huohuo, na kava lililokuwa likuzuie liko sakafuni. Na wanaofunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grinda, hao sina hata hesabu ya kuwapigia.

Diski ndiyo inayokata. Grinda inaizungusha tu. Nashangaa mtu anayetoa fedha nyingi kwa mashine kisha anaomba diski ya bei ya chini kuliko zote. Nunua diski nyembamba, milimita 1 hadi 1.6. Diski ya milimita 3 inachonga chuma mara tatu zaidi ya ile ya milimita 1 katika mfereji uleule, na kazi hiyo ya ziada yote inageuka joto, cheche na kelele. Chuma kinabaki na rangi ya buluu ukingoni. Diski nyembamba inapita haraka na kipande hakiungui sana, ila usiisugulie kwa ubavu hata mara moja, haikutengenezwa kwa hilo. Pale katikati, kwenye pete ndogo ya bati, kumegongwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoshika mchanga wake huchoka, na unyevu wa pwani hauisaidii. Duka ambalo diski zake zimepigwa jua dirishani tangu sijui lini, pita.

Halafu swichi. Hii ndiyo sehemu ambayo mtu wa kwetu angepaswa kuitazama kuliko mwingine yeyote duniani. Grinda nyingi za bei nafuu zina swichi ya kusukuma mbele, inajifunga, mashine inaendelea hata ukilegeza mkono. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unasubiri kidogo, unaiweka juu ya meza, unakwenda kunywa maji. Umeme unarudi. Mashine iko juu ya meza, swichi iko mbele, diski inazunguka, hakuna aliyeishika. Itatembea yenyewe mpaka ipate kitu cha kukata, na mara nyingi cha karibu ni waya wake wenyewe. Zipo grinda zenye swichi ya kuminya, ukiachia inazima, na zipo zenye kinga ya kutojiwasha umeme ukirudi. Hizo mbili nazithamini kuliko watt 300 za ziada. Ukiwa na ile ya kawaida, jizoeze kuchomoa plagi taa ikizimika tu.

Kava libaki mahali pake na mkono wa pembeni ufungwe. Kinachomrudishia mtu grinda usoni, mara nyingi, ni mfereji kujifunga: umekiegemeza chuma ncha zote mbili, unakata katikati, ukikaribia kumaliza chuma kinainama chini na kuibana diski. Bana upande mmoja kwenye jiriwa, ile wengi wanaiita vaisi, na upande unaokatwa uning'inie, ili mfereji ufunguke kadiri unavyokata. Miwani ya kinga hata kwa kipande kimoja, na vizibo vya masikio. Glavu za kitambaa zenye nyuzi zinazoning'inia ziache. Diski ikishika uzi inavuta na kidole.

Kabla sijaiacha grinda, neno kuhusu umeme wenyewe. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni karibu watt 3,000. Grinda ndogo ya watt 800 au 1,000 haina shida. Tatizo ni ile ekstensheni nyembamba iliyonunuliwa kwa ajili ya redio, mita 30, imekunjwa kwenye gurudumu lake. Waya wa milimita za mraba 0.75 wa urefu huo, ukipitisha ampea 9, unakula volti kama 14 njiani. Mashine inalegea, wewe unaibonyeza zaidi, mota inapata moto, na waya uliokunjwa unayeyuka wenyewe kwa wenyewe. Kunjua waya wote, au tumia mnene zaidi. Na jenereta dogo la kVA 1 lisikudanganye kwa sababu linawasha friji. Grinda kubwa italizima likiwa bado linaunguruma.

Bati.

Hapa ndipo grinda inapofanya uharibifu usioonekana siku hiyohiyo. Karibu kila paa jipya unaloliona, iwe msauzi au migongo midogo, limekatwa kwa grinda, kwa sababu fundi yuko juu na grinda iko mkononi. Bati la geji 28 au 30 halifiki nusu milimita, na kinachoizuia kutu ni utando mwembamba wa zinki, au wa alumini na zinki, kisha rangi. Diski inauchoma utando huo pande zote mbili za mkato. Wakati huohuo inamwaga punje za moto juu ya bati lililobaki, kila punje inajichimbia kwenye rangi, na baada ya masika paa jipya lina madoa ya kutu kuanzia ukingo uliokatwa. Mwenye nyumba anakwenda kumlalamikia aliyemuuzia bati. Watengenezaji wengi wa mabati ya rangi hukataza kuyakata kwa grinda katika maelekezo yao, lakini maelekezo hayapandi ngazi.

Bati likatwe kwa kitu baridi. Mkasi wa bati wa mkono bado ni chombo bora kwa mikato mifupi, wala hauhitaji umeme wa LUKU. Kwa mikato mirefu ipo mikasi ya umeme, na ipo mashine ndogo inayotafuna bati kwa kulitoboa mfululizo, vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga vinaanguka chini. Hiyo inapita hata kwenye migongo ya bati bila kuibonyeza, na kuna aina inayofungwa mbele ya drili ya kawaida kwa bei isiyotisha. Ila fagia vile vimwezi siku hiyohiyo. Vinachoma miguu kupitia kandambili, na kuku huvidhani chakula.

Msumeno wa jigso nao watu wanauona wa mafundi seremala, kumbe ni mashine nzuri ya chuma chembamba ukiufunga wembe unaofaa. Tafuta wembe wa metali mbili, mgongo unaopinda na meno magumu. Zile zenye alama T118AF ni za chuma cha milimita 1 hadi 3, na T118BF za milimita 2.5 hadi 6 hivi. Kampuni nyingi hutumia alama hizohizo. Punguza kasi, zima ule mwendo wa kubembea unaotumika kwa mbao, na tia tone la mafuta kwenye njia ya wembe. Kanuni ya tangu enzi za msumeno wa mkono ni kwamba meno mawili au matatu yawe yameshika chuma wakati wote, vinginevyo jino linanasa ukingoni na kuvunjika. Kwenye bati kanuni hiyo haitimiziki, hivyo libane bati kati ya vipande viwili vya plaiwudi nyembamba ukate vyote pamoja. Mkato unatoka safi, bila kutetemeka, na unaweza kufuata mviringo ambao grinda haiwezi hata kuuota.

Kwa skwea paipu, engo na mabomba, yaani kazi iliyo nyingi kuliko zote nyumbani, ushindani wa kweli uko kati ya mashine mbili ambazo wengi hawajawahi kuzishika. Moja ni msumeno wa duara wa chuma. Unafanana na wa mbao lakini unazunguka polepole zaidi, na meno yake ni ya kabaidi, metali ngumu sana, yaliyochongwa kwa ajili ya chuma. Unatoa chembe badala ya moto wa cheche, mkato umenyooka, na baada ya sekunde chache unaweza kukishika kipande. Ubaya wake ni bei ya diski. Ukigonga chuma kikali au ukikata huku paipu inacheza, jino linang'oka, na diski moja ni fedha ya diski nyingi za grinda. Usijaribu kuufunga msumeno wa mbao wenye kasi kubwa diski hiyo, wala kinyume chake.

Ya pili ni msumeno wa mkanda wa kushika mkononi, na kama ningeulizwa ni mashine gani ya chuma ninayoiona inafaa zaidi uani kwa watu, ningeijibu hiyo bila kumeza mate. Ni mkanda wa meno uliounganishwa ncha kwa ncha, unazunguka juu ya magurudumu mawili. Diski ya grinda inakimbia hadi mita 80 kwa sekunde. Mkanda huu kwa kawaida unakwenda kati ya mita 80 na 170 hivi kwa dakika. Tofauti hiyo ndiyo siri yote. Kwa mwendo huo chuma hakiungui, kinachongwa. Hakuna cheche za kuzungumzia, kuna unga unaoanguka palepale chini. Kelele yake haimwamshi mtoto wa jirani kwa nguvu ileile. Meno yanavuta kuelekea kwenye kizuizi cha mashine yenyewe, kwa hiyo hairuki kukurudia. Ndogo za betri huchukua bomba la milimita 63 hivi, kubwa za waya hufika 120. Mkanda wa meno 14 hadi 18 kwa inchi unatosha sehemu kubwa ya kazi, na kwa paipu nyembamba chukua wa meno 24.

Ina mapungufu, na yasifichwe. Ni ghali, mara kadhaa ya bei ya grinda. Haiwezi kukata katikati ya bati kubwa kwa sababu mdomo wake una kina maalumu. Mikanda yake haipatikani kila duka, kwa hiyo ulizia mikanda kwanza, mashine baadaye. Na mkono usiotulia unapinda mkato. Wengi huishia kuitengenezea stendi ndogo ya kuifunga mezani, jambo ambalo ni kazi nzuri ya wikiendi kwa mwenye mashine ya kuchomelea.

Msumeno unaokwenda mbele na nyuma, ule mrefu kama bunduki, ni wa kubomolea. Unakata bomba lililozikwa ukutani au nondo iliyochomoza mahali grinda haiingii. Kwa kazi ya kupima na kuunganisha, unatetemeka mno. Uazime.

Alumini ni habari nyingine. Ni laini, inayeyukia kwenye vinyweleo vya diski ya kawaida ya grinda na kuiziba, na diski iliyozibwa inapata moto kupita kiasi na inaweza kupasuka. Fremu za madirisha ya alumini zikatwe kwa jigso au msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi yanayofaa, ukipaka nta ya mshumaa kwenye meno. Chuma cha pua, ile stenlesi ya reli za ngazi, nacho kinataka diski yake iliyoandikwa INOX, na isiwe imeshatumika kwenye chuma cha kawaida, la sivyo utaipandikizia kutu. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yakatwe mahali penye upepo: zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moshi wake ukivutwa kwa wingi, hasa wakati wa kuchomelea, huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye. Kwetu mtu akitetemeka usiku anawaza malaria na kwenda kupima. Mwambie daktari pia kwamba ulikuwa unachomelea.

Na pipa. Watu wanakata mapipa ya lita 200 kutengeneza majiko ya kuchomea nyama na matangi ya maji, na wengi wanayapasua kwa grinda. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, tina au rangi halimaliziki kwa kumwagwa. Mvuke unabaki ndani, umechanganyika na hewa, unasubiri cheche moja. Kifuniko kinaruka kama risasi. Kuliosha mara moja kwa sabuni hakutoshi, kwa sababu mabaki kwenye mikunjo ya chini yanageuka mvuke tena yakipata joto. Tafuta yale mapipa yenye mfuniko mzima unaofungwa kwa pete, tayari yako wazi, na hakikisha yalibeba nini. Kama huwezi kujua lilibeba nini, liache.

Betri au waya? Kwanza usibabaishwe na maandishi. Mashine ya volti 18 na ile ya "20V Max" ni kitu kilekile: seli tano, ambazo zikiwa zimejaa kabisa na hazifanyi kazi zinasoma kama volti 4 kila moja, na kazini zinakuwa volti 3.6. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 imebeba watt-saa 90. Grinda inayovuta watt 900 inaimaliza kwa dakika 6 ikifanya kazi bila kupumzika. Kwa hiyo grinda ninaipenda ya waya, na msumeno wa mkanda ninaupenda wa betri, kwa kuwa unakula kidogo na umeme ukikatika unaendelea na kazi. Ukichagua betri, umechagua familia: chaja na betri za kampuni moja hazikubali nyingine, kwa hiyo tazama drili uliyonayo tayari ni ya nani.

Dukani, omba kaboni za mashine unayotaka kuinunua. Kaboni ni vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota, na vinaisha tu, hata kwenye mashine ya bei kubwa. Kama muuzaji anazitoa kwenye droo bila kufikiri, hiyo mashine ina maisha hapa mjini. Kama anaanza kusema "zitakuja", chukua nyingine. Na kwa wanaopenda mtumba, soma kibati cha mashine kabla ya kulipa. Za Japani ni volti 100, za Marekani ni 120, na zile za Uingereza zenye plagi kubwa ya njano ni za 110, walizotengenezewa mafundi wa majengo wa kule. Ukizichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma zinazunguka kwa furaha kubwa kwa muda mfupi sana, kisha unasikia harufu. Transfoma ya kutosha grinda ya watt 1,000 ni nzito na ni ya kununua pia, kwa hiyo iongeze kwenye bei kabla hujasema umeokota.